Mwema na Shujaa: Tabia na Uongozi wa Mwanamke wa Kikristo

Kitabu cha Mithali kinafungwa na shairi la kumsifu mwanamke. Lina mistari 22, na kila mstari unaanza na herufi yake ya Kiebrania kwa kufuatana, kama washairi wa zamani wa Lamu walivyotunga kwa kufuata herufi za Kiarabu kuanzia alifu. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, mwanamke huyo anaitwa mke mwema. Jina hilo limezoeleka hata kwa watu wasiofungua Biblia mara kwa mara. Husikika katika nasaha za harusini na katika wasifu wa marehemu unaposomwa kabla ya maziko.

Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "mwema" ni hayil, na maana yake ya msingi ni nguvu: nguvu ya jeshi, nguvu ya mali, nguvu ya moyo. Neno hilohilo linatumika kwa Gideoni katika kitabu cha Waamuzi, na hapo Union Version inamwita shujaa, ingawa wakati huo alikuwa amejificha shinikizoni akipura ngano kwa kuwaogopa Wamidiani. Wema si sifa ndogo, wala watafsiri hawakukosea kwa kulichagua neno hilo. Ila nusu ya maana ilibaki nyuma. Msomaji wa Kiswahili anapewa picha ya mwanamke mpole na mvumilivu, wakati msomaji wa Kiebrania anamwona mwanamke mwenye nguvu za kutegemewa, ambaye nguvu hizo zimefundishwa kutenda haki.

Nusu hiyo ndiyo inayobeba suala zima la tabia na uongozi. Katika Biblia, tabia ya mwanamke anayemcha Mungu haipimwi kwa ukimya wake. Inapimwa kwa namna anavyoshika kilichowekwa mikononi mwake, kiwe chakula, fedha, shamba, siri ya mtu au uhai wa mtu. Akikishika vizuri, watu humfuata hata kabla hajapewa cheo.

Shairi lenyewe linaonyesha hivyo. Mwanamke huyo huamka kabla ya alfajiri, hulitazama shamba akalinunua, hupanda mizabibu kwa faida aliyoipata, hushona nguo za kitani akawauzia wafanyabiashara, huwanyoshea mkono maskini. Ana wajakazi anaowagawia kazi, jambo ambalo wahubiri wengi hulisahau. Hafanyi kila kitu peke yake. Mwishoni anasifiwa malangoni, na malango ya mji katika Israeli ya kale hayakuwa mahali pa kupita tu. Ndipo wazee walipoketi kuamua kesi na kushuhudia mikataba. Tena mafundisho ya sura hiyo yote yametoka kwa mama. Sura inaanza kwa kusema kuwa ni maneno ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake, na la kwanza analomwonya ni kwamba mfalme asimalize nguvu zake kwa anasa na pombe, bali afungue kinywa kuwatetea wasio na mtetezi. Mwanamke anamfundisha mfalme kutawala.

Shairi hilo limetumika pia kuwachosha wanawake. Wengine hulisoma kama orodha ya kazi ambazo mke asipozimaliza si mwema, na mama anayeamka saa kumi alfajiri kuchota maji huambiwa bado hajafikia. Desturi ya Wayahudi ina busara zaidi. Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, mume humwimbia mkewe shairi hilo mezani. Ni shukrani kwa kazi ambayo tayari imefanyika.

Sifa iliyotangulia cheo

Mwanamke mmoja tu katika Biblia anaitwa kwa jina hilo la hayil ana kwa ana, naye hakuwa na mali wala ukoo wa kumtetea. Ni Ruthu, mjane kutoka Moabu, aliyekuja Bethlehemu na mkwewe Naomi na kuanza kuokota masuke nyuma ya wavunaji. Boazi anamwambia kwamba mji wote unajua yeye ni mwanamke wa namna hiyo. Katika mpangilio mmojawapo wa kale wa Biblia ya Kiebrania, kitabu cha Ruthu kinafuata mara tu baada ya Mithali, kana kwamba waliopanga walitaka msomaji akimaliza shairi amwone mtu mwenyewe. Na mtu mwenyewe ni mgeni, maskini, mwenye kuinama juani akiokota mabaki.

Kilichompa Ruthu sifa ni mambo ya kila siku. Aliomba ruhusa kabla ya kuingia shambani. Alifanya kazi tangu asubuhi, na chakula alichobakiza akampelekea Naomi. Yesu alikuja kuliweka jambo hilo katika kanuni: aliye mwaminifu katika kidogo huwa mwaminifu hata katika kikubwa. Kanuni hiyo ndiyo shule ya kwanza ya uongozi katika Biblia, na wanawake wengi wa Afrika Mashariki wameisomea kanisani bila kujua kwamba wako shuleni, kama itakavyoonekana mbele.

Abigaili na kazi ya ulimi

Kama kuna sura moja inayostahili kusomwa polepole na kila kikundi cha wanawake, ni ya 25 katika Samweli wa Kwanza. Nabali alikuwa tajiri mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, mtu mgumu asiyeshaurika. Daudi, akiwa bado mkimbizi, alituma vijana wake kuomba chakula siku ya kukata manyoya kwa sababu watu wake waliwalinda wachungaji wa Nabali nyikani. Nabali akawatukana. Daudi akachukua watu 400 wenye mapanga kwenda kuangamiza kila mwanamume wa nyumba hiyo.

Mtumishi mmoja hakwenda kwa bwana wake. Alikwenda kwa Abigaili, mke wa Nabali. Hilo peke yake linasema mengi: watu wa nyumba walishajua nani husikiliza. Abigaili hakukaa kikao. Alitwaa mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, bisi za nafaka, vishada 100 vya zabibu kavu na mikate 200 ya tini, akavipakia juu ya punda na kuvitanguliza. Mwenye hasira akutane na chakula kwanza, maneno yafuate.

Alipomkuta Daudi alishuka, akainama, akaanza kwa kujitwika lawama. Kisha akamwambia jambo ambalo hakuna askari wake aliyethubutu kulisema: kwamba atakapokuwa mfalme, damu iliyomwagwa bure itamkaa moyoni. Hakumsihi kwa machozi tu. Alimkumbusha yeye ni nani na anakwenda wapi. Daudi akarudi nyuma, akamshukuru Mungu kwa ajili ya busara yake.

Sehemu ya mwisho ya kisa ndiyo inayofunza zaidi. Abigaili aliporudi nyumbani alimkuta Nabali amelewa katika karamu, hakumwambia neno. Alingoja asubuhi, divai ikamtoka, ndipo akamweleza yote. Kweli aliisema yote bila kuipunguza, ila alichagua saa ambayo ingesikika. Kujua la kusema ni jambo moja, kujua saa ya kulisema ni jingine, na migogoro mingi ya vikundi, kwaya na familia hutokana na kukosa hilo la pili.

Binti watano mbele ya mkutano

Kisa cha binti za Selofehadi, katika kitabu cha Hesabu sura ya 27, hakihubiriwi sana. Pengine ni kwa sababu majina yao ni mageni masikioni: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume, na kwa desturi ya wakati ule nchi ingegawiwa kwa wanaume. Binti hao walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa sababu hakuwa na mwana.

Walijenga hoja. Walieleza kwamba baba yao hakuwemo katika uasi wa Kora dhidi ya Musa, kwa hiyo hapakuwa na kosa la kuwanyima haki. Hawakumtukana Musa wala hawakunong'ona kando ya hema. Musa hakujibu kwa papara. Alilipeleka shauri kwa Mungu, na jibu likawa kwamba binti hao wamesema kweli. Sheria ikabadilika kwa ajili yao na kwa waliokuja baada yao. Miaka ilipita, Musa akafa, nchi ikaanza kugawiwa, na binti walewale walilazimika kwenda mbele ya Eleazari na Yoshua kukumbusha kile kilichokwisha kuamriwa. Kitabu cha Yoshua kinasema walipata. Kwa hiyo ujasiri wa siku moja haukutosha, ulihitaji kufuatilia.

Katika Afrika Mashariki kisa hiki hakihitaji kufafanuliwa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Tanzania, Mwanza, ilisikiliza shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory kutoka Kagera. Mwanamke alikuwa amerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, na mila ya Wahaya ilimkataza kufanya hivyo ijapokuwa mwanamume aliruhusiwa. Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba ubaguzi huo haupatani na katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikaja kutamka haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Bado wajane wengi hufukuzwa mashambani kabla matanga hayajaisha, na kanisa linalosoma kitabu cha Hesabu lina sababu ya kusimama nao barazani, wala si kuwatembelea na unga peke yake.

Waamuzi, manabii na kosa la Mariamu

Debora aliketi chini ya mtende kati ya Rama na Betheli, katika milima ya Efraimu, na watu wakamwendea kwa maamuzi. Sisera, jemadari wa adui zao Wakanaani, alikuwa na magari 900 ya chuma. Baraka, jemadari wa Israeli, alikataa kwenda vitani asipoandamana na Debora. Debora alikwenda naye, na baada ya ushindi nchi ilitulia miaka 40. Kitabu cha torati kilipopatikana hekaluni siku za mfalme Yosia, kuhani na maofisa walikipeleka kwa nabii Hulda aliyekaa Yerusalemu, na neno lake likaanzisha matengenezo makubwa. Esta alifunga siku tatu kabla ya kuingia kwa mfalme bila kuitwa.

Mariamu, dada yake Musa, anahitaji nafasi zaidi kwa sababu Biblia haikuficha kosa lake. Aliwaongoza wanawake kwa matari baada ya kuvuka bahari, na nabii Mika anamtaja sambamba na Musa na Haruni kama viongozi ambao Mungu aliwatuma. Hata hivyo, katika Hesabu sura ya 12, alimnung'unikia Musa, na Haruni akaungana naye. Akapigwa ukoma, akatengwa nje ya kambi siku saba. Musa ndiye aliyemwombea. Na taifa zima halikung'oa hema hata moja mpaka aliporudishwa.

Hapo kuna mafunzo mawili yanayokwenda pamoja. Wivu wa madaraka humwingia hata nabii, na mwanamke kiongozi haachwi bila kuonywa kwa sababu ni mwanamke. Lakini pia anayeonywa hatupwi. Vikundi vingi vya wanawake makanisani hujua kutenga. Mama aliyekosa hesabu au aliyepata mtoto nje ya ndoa huacha kuja, na msafara huendelea bila yeye. Kambi ya Israeli ilingoja.

Wanawake wa kanisa la kwanza

Luka anaandika kwamba Yesu alipozunguka miji na vijiji, wanawake kadhaa walikuwa pamoja naye wakimhudumia kwa mali zao. Anawataja Mariamu Magdalena, Susana, na Yoana mke wa Kuza, wakili wa Herode. Sura mbili mbele, Mariamu wa Bethania anakaa miguuni pa Yesu wakati Marta anahangaika na chakula. Wengi hukisoma kisa hicho kama ubishi wa jikoni. Lakini kukaa miguuni pa mwalimu ndivyo walivyosema Wayahudi kumaanisha kuwa mwanafunzi wake. Paulo hutumia usemi huohuo anapoeleza elimu yake kwa Gamalieli. Yesu alimkubali mwanamke kuwa mwanafunzi, na alikataa aondolewe darasani. Hakuna tabia ya Kikristo inayokua bila kusoma, na mama asiyepewa nafasi ya kukaa na Neno atabaki na yale aliyosimuliwa.

Katika Matendo ya Mitume anaonekana Lidia, mfanyabiashara wa nguo za zambarau kutoka Thiatira, ambaye nyumba yake huko Filipi ilikuwa makao ya kwanza ya waumini wa mji huo. Prisila na mumewe Akila, washona mahema, walimchukua Apolo, msemaji hodari aliyejua Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Walimchukua kando. Hawakumsahihisha hadharani. Dorkasi wa Yafa hakuhubiri popote panapotajwa, ila alipokufa wajane walisimama wakilia na kuonyesha kanzu na nguo alizowashonea.

Fibi ndiye anayefunga mlolongo huo. Paulo anamtambulisha kwa Warumi kuwa ni diakonos wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho. Union Version imeandika mhudumu. Neno hilo hilo katika barua kwa Wafilipi limetafsiriwa shemasi, na Paulo hulitumia pia kwa ajili yake mwenyewe na Apolo. Wataalamu wengi huamini kwamba Fibi ndiye aliyeibeba barua kwa Warumi mpaka Roma. Kama ni hivyo, barua iliyotikisa historia ya kanisa ilisafiri katika mizigo ya mwanamke.

Shule iliyo chini ya mwembe

Mwaka 1876, katika kijiji cha Old Alresford nchini Uingereza, mke wa kasisi aitwaye Mary Sumner aliwaita akina mama wa parokia, matajiri kwa maskini, wazungumze juu ya malezi. Siku ya kwanza aliingiwa na hofu, akashindwa kusema, akawaomba warudi wiki iliyofuata. Mwaka 1885 alisimama mbele ya mkutano mkubwa wa kanisa huko Portsmouth na kuzungumza. Kikundi chake ndicho chanzo cha Umoja wa Akina Mama wa Anglikana, ambao leo una wanachama zaidi ya milioni 4 duniani, wengi wao Afrika.

Huku nyumbani kila dhehebu lina jina lake. Wakatoliki wa Tanzania wana WAWATA, iliyoanzishwa 1972 na kutimiza miaka 50 mwaka 2022. Walutheri wana umoja wao wa wanawake wa KKKT. Wapresbiteri wa Kenya wana Woman's Guild, ambayo mizizi yake inarudi miaka ya 1920 katika kundi la wanawake wa Kikikuyu lililoitwa Ngao kwa sababu lilikusudia kuwakinga wasichana na ukeketaji. Wanawake hao walisimama kupinga mila ya wazazi wao wenyewe katika miaka ambayo gharama ya kufanya hivyo ilikuwa kutengwa na ukoo.

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliosambaa kutoka Gahini nchini Rwanda na kutoka Uganda katika miaka ya 1930, uliongeza jambo jingine. Katika ushirika wa waliookoka, kila mtu alitakiwa kutembea nuruni, yaani kuungama wazi na kurudisha alichoiba. Mwanamke asiyejua kusoma alisimama mbele ya wachungaji na walimu akatoa ushuhuda, na ushuhuda wake ukapimwa kwa maisha yake, si kwa elimu yake. Kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusema mbele ya wanaume na kusikilizwa.

Ukikaa katika kikao cha kawaida cha wanawake, iwe chini ya mwembe au katika ukumbi wa parokia, utaona uongozi unavyofundishwa bila kuitwa hivyo. Mwenyekiti hufungua kwa sala, katibu husoma kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo hujadiliwa, mhazini husoma hesabu. Mama aliyeishia darasa la saba hujifunza kuandika muhtasari, kuhesabu akidi, kumnyima nafasi anayesema mno na kumpa anayenyamaza. Hujifunza kusimamia sherehe ya watu 300, kupanga zamu za kuwahudumia wagonjwa, kuandika barua kwa askofu. Baadaye huyu huchaguliwa kamati ya shule, kamati ya maji, halmashauri ya kijiji, na watu hushangaa alikojifunzia.

Vikundi vya hisa vimeongeza mtihani wa fedha. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba ndogo waliyoipanga wenyewe, na mwisho wa mzunguko hugawana. Fedha huwekwa katika sanduku la kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya kikao, na fedha huhesabiwa kwa sauti. Utaratibu huo unafanana na alivyofanya Paulo alipokusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu: alitaka watu waliochaguliwa na makanisa wasafiri nao, ili asiwepo wa kulaumu. Uaminifu ni tabia ya moyo, lakini Biblia haikuona aibu kuuwekea mashahidi.

Penye vikundi pana majaribu yake. Sare mpya ya kitenge kila mwaka humwacha nje mjane asiye na fedha. Michango hugeuka mashindano. Umbea huvaa kanzu ya maombi, pale mambo ya ndani ya mtu yanapotajwa hadharani ati ili aombewe. Na wako viongozi wanaokaa kitini miaka 20 bila kumwandaa mwingine.

Mistari inayoumiza

Haiwezekani kueleza suala hili na kuikwepa mistari inayotumiwa kuwanyamazisha wanawake. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba wanawake wanyamaze katika kanisa, lakini sura tatu nyuma, katika barua hiyohiyo, anatoa maelekezo kwa wanawake wanaosali na kutoa unabii mbele ya watu. Wanaosoma sura ya 14 bila ya 11 wanasoma nusu barua. Wengine huona kwamba Paulo alizuia fujo fulani katika ibada. Wengine huliona agizo hilo kuwa la kudumu kwa daraja fulani za huduma.

Makanisa hayakubaliani, na msomaji anapaswa kulijua hilo. Kanisa Katoliki halitoi daraja la upadre kwa wanawake, ingawa maparoko wake wanajua kwamba jumuiya ndogondogo zingekuwa tupu bila wanawake hao. KKKT ilikubali wachungaji wanawake mwaka 1990. Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lilimbariki Nyambura Njoroge mwaka 1982, mchungaji wake wa kwanza mwanamke. Kanisa Anglikana la Kenya liliwaweka wakfu maaskofu wanawake wawili mwaka 2021: Emily Onyango, askofu msaidizi wa Bondo, na Rose Okeno wa Butere. Mwaka 1989 wanateolojia wanawake wa Afrika, wakiongozwa na Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, walikutana Accra kuanzisha umoja wao wa kuandika na kufundisha. Mwenzao Musimbi Kanyoro wa Kenya alikisoma kitabu cha Ruthu pamoja na wanawake wa kijiji chake cha Bware, akaandika waliyoyaona ambayo vitabu vya chuoni havikuyaona.

Mstari wa Waefeso 5 kuhusu wake kuwatii waume ndio umeleta madhara makubwa zaidi. Katika nakala za Kigiriki zilizo kongwe zaidi, mstari wa 22 hauna kitenzi chake. Unaazima kitenzi cha mstari wa 21, unaowaagiza waumini wote kunyenyekeana wao kwa wao. Kisha mume anaagizwa kumpenda mkewe kama Kristo alivyolipenda kanisa, yaani kwa kuutoa uhai wake. Hakuna hata neno moja pale linaloruhusu mkono kuinuliwa. Kiongozi wa kikundi anayemwambia mama aliyevimba uso arudi nyumbani akaombe hajafundisha utii wa Kikristo, ameacha kazi yake ya uchungaji. Mama huyo apelekwe hospitali, asindikizwe kwenye dawati la jinsia la polisi, apewe mahali pa kulala na watoto wake. Hayo ni sala pia.

Kumfunda aliye nyuma

Paulo alimwagiza Tito kwamba wanawake wazee wawafundishe walio vijana. Katika pwani na bara, agizo hilo lilikuta watu wenye desturi yake tayari. Mwali alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemfunda na kubaki naye maisha yote. Siku hizi katika miji ya Tanzania nafasi hiyo imechukuliwa kwa sehemu na kicheni pati, na akina mama wa kanisa huitwa kutoa mafunzo. Mara nyingi muziki na zawadi huyameza mafunzo. Mahali ambapo somo limechukuliwa kwa uzito, mwanamke mzima hukaa na msichana kabla ya harusi na baada yake, humfundisha kuweka akiba kwa jina lake, kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, kukataa bila kutukana, kuomba msamaha bila kujidhalilisha, na kumtambua mwanamume mwenye ukatili mapema.

Paulo anamkumbusha Timotheo imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba yake alikuwa Myunani, na Maandiko aliyojua tangu utotoni inaelekea aliyapata kwa wanawake hao wawili nyumbani Listra. Vikundi vinavyofanya vizuri vina namna yao ya kuendeleza kazi hiyo: katiba inayoweka ukomo wa vipindi vya uongozi, katibu msaidizi ambaye ni kijana na ambaye kweli huachiwa kuandika, mhazini anayekabidhi daftari na stakabadhi zote mbele ya wanachama. Siku ya makabidhiano, hesabu husomwa mpaka shilingi ya mwisho, funguo tatu hupita mikono mipya, na mwenyekiti aliyemaliza muda wake huenda kukaa mkekani pamoja na wengine.